Tupeane uzoefu: uliyeacha laptopu ukahamia kishikwambi chenye kibodi, kazi zako zinakwendaje?

Mwanzisha mada (mfasiri)

Ndugu zangu, ninaomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo matangazo ya biashara hulieleza kwa wepesi mno, nalo ni kutumia kishikwambi kinachopachikwa kibodi mahali pa laptopu, si kama kifaa cha pili cha kusomea na kutazamia filamu, bali kama chombo pekee cha kazi. Ningependa kuwasikia wale ambao wameishi nacho kwa miezi kadhaa, na kila mmoja ataje kwanza kazi anayoifanya, kwa sababu nimesoma sifa nyingi za vifaa hivi na nimeona kwamba sifa isiyotaja kazi ya msemaji haimsaidii mnunuzi.

Ninaanza na yangu. Mimi ni mfasiri wa nyaraka, na kwa miaka mitatu sasa ninatumia kishikwambi cha Windows cha inchi 12, chenye mguu wa kukisimamisha kwa nyuma na kibodi inayonasa kwa sumaku. Kilichonivuta ni umbo la kioo. Laptopu niliyoizoea ilikuwa na kioo kipana na kifupi cha uwiano wa 16 kwa 9, ilhali hiki kina uwiano wa 3 kwa 2, ule ambao Microsoft iliuingiza katika kishikwambi chake cha Surface Pro 3 mwaka 2014. Kwa mtu anayeshinda akisoma kurasa, tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Nikikisimamisha wima, ukurasa mzima wa A4 unaonekana kwa mara moja, umepungua kidogo tu ukilinganishwa na karatasi yenyewe, na makosa ya mpangilio ambayo zamani niliyaona baada ya kuchapisha sasa ninayaona kabla.

Kilichonisumbua ni mapaja. Laptopu hutulia mapajani kwa sababu uzito wake uko chini, kwenye kibodi. Hiki uzito wake wote uko kwenye kioo, kibodi ni nyepesi kama daftari, na ule mguu wa nyuma unahitaji pa kukanyaga. Katika mwezi wa kwanza kiliniponyoka mara mbili. Siku hizi pasipo na meza siandiki kabisa, bali ninakitenga na kibodi, ninakishika mkononi na kusahihisha kwa kalamu, na nimegundua kwamba usahihishaji wangu wa namna hiyo ni makini zaidi kuliko ule wa kuketi.

Nitaje pia kwamba uzito unaotangazwa kwa kawaida ni wa kioo kitupu. Surface Pro 3 niliyoitaja ilikuwa na gramu 800, lakini kibodi yake ilikaribia gramu 300 nyingine, na mara nyingi kibodi na kalamu huuzwa kando, nje ya bei ya kifaa, kwa hiyo anayelinganisha bei au uzito na laptopu ajumlishe vyote vitatu.

Mhasibu

Ndugu mwanzisha mada, shukrani kwa kulileta hili. Yangu mimi haikufanikiwa, na ninaieleza ili mwenzangu asipitie nilikopitia.

Kishikwambi changu hakikuwa cha Windows. Nilikinunua baada ya kuhakikisha kwamba kinafungua majedwali, na kweli kilifungua kila faili niliyojaribu pale dukani. Mwisho wa mwezi ulipofika nilifungua faili ya mishahara, ambayo niliirithi kwa mtangulizi wangu ikiwa na makro, yaani amri zinazofanya hesabu zenyewe ukibonyeza kitufe, zilizoandikwa kwa miaka mingi. Tarakimu zote zilikuwapo, rangi zilikuwa zilezile, hata kitufe cha kukokotoa makato kilikuwa mahali pake, ila nikikibonyeza hakikufanya chochote. Nilishinda jioni nzima nikiamini kwamba faili imeharibika. Asubuhi yake nilimwomba mwenzangu laptopu, nikaifungua faili ileile, na kazi ikaisha kwa dakika kumi.

Kwa hiyo mtu asijaribu kifaa kwa faili nyepesi. Achukue ile ngumu kuliko zote anazozitegemea, aifungue, abonyeze kila kitu anachokibonyeza siku ya kazi. Jambo jingine, dogo lakini la kila siku, ni kwamba kibodi hizi hazina safu ya tarakimu upande wa kulia, nami vidole vyangu vimezoea safu hiyo tangu nilipoanza kazi. Nilinunua kibao kidogo cha tarakimu kinachounganishwa kwa Bluetooth, kikanisaidia, lakini sasa nilikuwa ninabeba vitu vitatu badala ya kimoja.

Fundi wa kompyuta

Pole sana mhasibu. Hilo halikuwa kosa la faili wala la kifaa chako peke yake: Excel ya iPad na ya Android haitekelezi makro za VBA, lugha ambayo makro za Excel huandikwa kwayo, na kitufe kinabaki kama picha tu. Wakati tuko hapohapo, watu wengi hawajui kwamba Word, Excel na PowerPoint za vishikwambi huruhusu kuhariri bila malipo kwenye kioo kisichozidi inchi 10.1, kikizidi hapo, mtumiaji anatakiwa kuwa na usajili wa Microsoft 365.

Mimi vifaa hivi ninavitumia, lakini zaidi ninavifungua, basi nitaeleza ninachokiona mezani kwangu.

La kwanza ni prosesa, kwa kuwa jina la Windows pekee halitoshi. Kuna vifaa vya Windows vyenye prosesa za Intel au AMD, na vingine vyenye prosesa za ARM, jamii ileile ya zile za simu. Surface ya kwanza kabisa, ya mwaka 2012, ilikuwa na Windows RT, ambayo haikuruhusu kusakinisha programu za kawaida za Windows, na waliodhani wamenunua kompyuta kamili walijikuta na Office na programu za duka la mtandaoni tu. Mambo yamebadilika sana tangu hapo. Windows 10 ya ARM iliweza kuendesha programu za kawaida za biti 32 kwa kuzitafsiri zikiwa zinakwenda, na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ikaongeza zile za biti 64. Lakini tafsiri hiyo haigusi madereva, yaani zile programu ndogo zinazoiunganisha kompyuta na vifaa vya nje. Nimepokea mteja mwenye kishikwambi kizuri kipya na skana ya zamani ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kuandika dereva ya ARM, na hakukuwa na ufundi wowote ambao ningeweza kumfanyia. Ikiwa kazi yako inategemea skana, mashine ya risiti au kifaa cha maabara, uliza dereva kwanza.

La pili ni kwamba ulichonunua ndicho utakachokuwa nacho hadi mwisho. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imechomewa kwenye bodi, haiongezwi. Kima cha chini cha Windows 11 ni GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi, na ninawaomba sana msikichukulie kima hicho kuwa cha kufanyia kazi. Wateja wanaoniletea vifaa vya GB 64 za eMMC, ile hifadhi ya bei nafuu, karibu wote wana lalamiko moja, kwamba masasisho ya mfumo hayapati nafasi ya kujifungulia, na tukimaliza kufuta picha na video zao tatizo linarudi sasisho linalofuata. Mimi simshauri mtu chini ya GB 8 za RAM, tena zikiwa na SSD, hifadhi yenye kasi zaidi. Kwa baadhi ya vifaa SSD angalau inabadilika: Surface Pro X ya mwaka 2019 na Surface Pro 8 ya mwaka 2021, kwa mfano, zina kifuniko kidogo nyuma ambacho SSD inafikiwa kupitia hapo.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi kila ninaposhika kazi hizi, ni gundi. Katika laptopu nyingi ninafungua skrubu za chini, ninatoa betri, ninaweka nyingine. Katika vifaa vingi vya aina hii njia ya kuifikia betri ni kupitia kioo, na kioo kimegandishwa kwa gundi, kwa hiyo ninakipasha joto taratibu na kukiinua kwa kadi ya plastiki nikiomba kisipasuke, na si mara zote ombi hilo hukubaliwa. Mteja aliyeleta betri iliyochoka anaweza kuondoka akilipia na kioo. Anayekitumia mezani kutwa nzima kikiwa kwenye chaja aingie kwenye mipangilio na kuweka ukomo wa kuchaji, ambao kwa vifaa vingi ni asilimia 80, maana betri ya lithiamu inayokaa imejaa na ina joto huchakaa mapema. Ukiona kioo kimeinuka ukingoni, hata kwa unene wa kucha, usikibonyeze kirudi: betri imevimba, zima kifaa, usikichaji tena, ukipeleke kwa fundi.

Kuhusu vifaa visivyo na feni nitasema kwa ufupi tu. Havina kelele, na kwa kuandika vinatosha, lakini prosesa ikipata joto hujipunguza kasi yenyewe, kwa hiyo jaribio la dakika mbili dukani halikuonyeshi kitakavyokuwa katika dakika ya ishirini ya kuhariri video.

Mwanafunzi wa tiba

Shikamoo zenu wote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tano, na kwangu kifaa hiki kimekuwa msaada ambao sijui ningeupata wapi kwingine.

Nilianza mwaka 2019 na iPad ya kalamu. Masomo ya anatomia ni ya michoro, na mtu anayeandika kwa kibodi darasani hubaki na maneno matupu, kwa sababu mwalimu akichora njia ya neva hakuna kitufe cha kuifuata. Mimi nilifungua slaidi zake, nikachora juu yake yeye anapochora, kiganja changu kikiwa kimelala juu ya kioo bila kuacha alama, na jioni nilidurusu kitu kilekile kilichotokea darasani. Programu niliyoitumia inatafuta hata ndani ya mwandiko wa mkono, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, niliweza kupata neno nililoliandika miezi minane nyuma. Vitabu vyangu vyote viko humo. Mgongo wangu unashukuru.

Kuandika kwa kirefu kulichukua muda zaidi. Mwanzoni nilikuwa na kibodi lakini sina padi ya kugusa, kwa hiyo kila nilipotaka kuhamisha aya niliinua mkono hadi kwenye kioo, na baada ya saa mbili bega lilichoka kweli. Uwezo kamili wa kutumia padi na kipanya ulikuja na iPadOS 13.4, toleo la mfumo wa iPad, mwezi Machi 2020, na tangu niliposasisha ndipo nilipoanza kuandika ripoti ndefu humo. Kufungua faili za flashi kulikuwa kumeshawezekana tangu iPadOS 13, mwaka uliotangulia. Ninataja tarehe hizi kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka kuhusu vifaa hivi ni wa kabla ya mabadiliko hayo.

Ombi langu kwa fundi: je, kutumia kifaa huku kinachajiwa usiku kucha ni vibaya pia kwa vifaa visivyo na mpangilio wa ukomo wa chaji?

Fundi wa kompyuta

Marahaba, mwanangu. Kinachoua zaidi ni joto likiungana na chaji iliyojaa. Usikiweke juu ya godoro wala chini ya mto, vua ganda lake kama ni zito, na ikiwezekana kichaji unapoamka badala ya unapolala.

Mwalimu wa sekondari

Kwangu tatizo lilikuwa tundu. Kifaa changu kina tundu moja la USB-C, nami nikiwa darasani ninahitaji projekta, flashi na chaji kwa wakati mmoja. Nilinunua kigawanyishi chenye HDMI na matundu ya USB, kikafanya kazi siku nne, kisha nikagundua kwamba hakikuwa cha kupitisha umeme, na betri iliniishia mbele ya wanafunzi katikati ya somo. Anayenunua aangalie kwamba kigawanyishi kinapitisha chaji, na kwa wati ngapi. Waya za USB-C nazo zinafanana kwa macho, lakini zipo zinazochaji tu bila kupeleka picha, kwa hiyo ile inayofanya kazi na projekta nimeifunga uzi mwekundu.

Mwandishi wa programu

Mimi nilikaa nacho miezi saba, nikarudi kwenye laptopu, wala sina ugomvi nacho. Nilihitaji kuendesha hifadhidata na seva ya majaribio kwenye mashine yangu mwenyewe, na mfumo wa kishikwambi changu, wa jamii ya ule wa simu, haukunipa nafasi hiyo. Nilijaribu kuunganishwa na seva ya mbali kwa SSH, njia ya kuiamuru kompyuta nyingine kupitia mtandao, ikawa nzuri mpaka intaneti ilipokatika. Mke wangu ndiye anayekitumia sasa kwa kuandika mihtasari ya vikao, naye hataki hata kusikia habari ya kukirudisha.

Mwanzisha mada (mfasiri)

Nimefaidika mno, na nimeshaweka ukomo wa asilimia 80 leo hii. Mwanafunzi wetu, nina swali moja kwako: tasnifu yako uliimaliza humo humo, au ilibidi uhamie kwingine?

Mwanafunzi wa tiba

Rasimu zote nne niliziandika humo, na msimamizi wangu alizisahihisha humo kwa kalamu, akiandika pambizoni kama alivyozoea kwenye karatasi. Lakini orodha ya yaliyomo, namba za majedwali na kurasa zilizolazwa kwa upana nilizimalizia kwenye kompyuta ya maktaba, kwa siku mbili, kwa sababu programu ya kwenye kishikwambi haikuwa na vifungo hivyo vyote, na nilikuwa nimebakiza siku tatu za kukabidhi.