Boksa na chupi za hempu, kuna anayezivaa kila siku? Naomba ushauri kabla hatujanunua

Dereva_wa_Mbali
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu. Kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka usiku, na boksa ninazovaa ni hizi za kuteleza, lebo inasema poliesta na spandeksi, yaani mchana haujafika nimeshalowa na jioni nina michubuko kwenye mikunjo ya mapaja. Mke wangu naye akivaa za nailoni anawashwa. Sasa tumekaa tukakubaliana tubadilishe zote, tununue chache lakini za vitu vya asili na ambazo haziharibu mazingira. Hempu naona inasifiwa sana. Je inakwaruza? Ni jamii moja na bangi, haina shida? Na hizi za mianzi je, maana nazo wanasema ni za asili na ukizishika ni laini kuliko zote. Naombeni majibu ya ukweli sio ya matangazo.

Mama_Cherehani
Karibu kaka. Mimi nashona nguo za ndani kwa hiyo naongea kitu ninachokishika kila siku. Bangi iondoe kichwani kabisa. Hempu inayolimwa kwa ajili ya nyuzi ina THC, yaani ile kemikali inayolevya, kidogo mno, kwa mfano sheria ya Marekani inataka isizidi asilimia 0.3, tena uzi unatoka kwenye ganda la shina sio kwenye maua wala majani. Nguo hailevyi.

Kukwaruza inategemea umenunua nini. Hempu tupu ikiwa mpya ni ngumu, ukiifinyanga kiganjani unasikia kabisa ilivyo kavu, ila kila ukifua inazidi kulainika na uimara wake unabaki. Kwa shati au suruali sina neno, lakini kwa kitu kinachokaa kwenye ngozi laini siku nzima mimi sikushauri hempu tupu. Tafuta iliyochanganywa na pamba, mchanganyiko unaoonekana sana ni hempu 55 kwa pamba 45, nyingine zina na laikra (ndiyo hiyohiyo spandeksi) kama asilimia 5 hivi ili ivutike. Na hakikisha ni kitambaa cha kufuma kama cha fulana, sio kile cha kusuka kama cha shati, maana cha kusuka hakivutiki na ukikaa kitakubana kwenye kinena. Kivute kwa vidole viwili kwa upana halafu kiachie, kikibaki kimelegea kirudishe dukani.

Afu kuna kitu watu hawaangalii, mshono. Wewe mwenye michubuko ndio uangalie kuliko wote. Geuza boksa ndani nje upitishe kidole kwenye mshono wa mapajani, kama ni ovaloki iliyoinuka juu utaisikia kama kamba, na hiyo ndiyo itakayokuchuna hata kitambaa kiwe kizuri namna gani. Unataka mshono uliolala bapa. Na chukua ya mguu mrefu inayofunika pale mapaja yanapogusana, hizi fupi zinapanda juu zinajikunja, ngozi inabaki inasuguana yenyewe kwa yenyewe.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Naongezea kwa upande wa afya. Shida ya poliesta ni kwamba hainywi jasho. Kwenye hewa ya kawaida pamba inabeba unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake, hempu na kitani zinafika karibu 12, poliesta hata 1 haifiki. Kwa hiyo jasho linakaa juu ya ngozi, ngozi inalainika, ikisuguliwa kidogo tu inachubuka, na fangasi nao wanapenda palepale penye joto na unyevu. Ila kaka ujue pia pamba ikilowa sana inachelewa kukauka, kwa hiyo ukiwa na safari ndefu beba ya kubadilisha mchana, usikae na iliyolowa eti kwa sababu ni ya asili.

Kwa shemeji, aangalie kile kipande cha ndani kinachokaa katikati, kuna chupi nje zina lesi na nailoni lakini pale katikati wameweka pamba, hizo zina nafuu. Kama pale napo ni nailoni aziache. Na sabuni zenye manukato makali huwa zinawasha vilevile, kwa hiyo abadilishe na sabuni kabla hajalaumu kitambaa peke yake. Halafu naomba hili mlichukulie kwa uzito: muwasho ukiendelea, au kukiwa na uchafu wenye harufu au rangi isiyo ya kawaida, aende akapimwe, chupi haitibu ugonjwa.

Na wewe usinunue ya kubana sana. Korodani zinatakiwa zikae kwenye ubaridi kidogo kuliko mwili. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 waliangalia wanaume 656, waliokuwa wanavaa boksa za kuachia walikutwa na mkusanyiko wa mbegu mkubwa kwa asilimia 25 kuliko wa wale wa kubana. Kwa mtu anayekaa kwenye kiti chenye joto kutwa nzima hilo ni la kufikiria.

Kijani_Daima
Mianzi naomba nijibu mimi kwa sababu jambo hili linaniuma. Mmea wenyewe ni mzuri, unaota haraka bila kusumbua. Lakini mwanzi ni mgumu, haugeuki kuwa chupi laini hivihivi, unayeyushwa kwa sodiamu haidroksaidi na kaboni disalfaidi, na hii ya pili inaharibu mishipa ya fahamu ya wafanyakazi wa kiwandani wakiivuta muda mrefu. Kinachotoka ni viskosi, ule mwanzi umeshabaki jina. Mwaka 2022 Walmart na Kohl's walikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 baada ya tume ya biashara ya Marekani, FTC, kuwashtaki kwa kuuza viskosi kama nguo za mianzi. Kama unapenda ule ulaini tafuta layoseli, wengi wanaijua kwa jina la Tencel, nayo inatokana na mbao ila kile kiyeyushi kinachotumika kinakusanywa na kurudishwa kazini kwa zaidi ya asilimia 99.

Hempu inasifiwa kwa haki kwenye shamba. Inakua kwa miezi mitatu minne hivi, inaota imebanana kiasi kwamba magugu yanakosa mwanga, kwa hiyo dawa za magugu hazihitajiki sana. Pamba ya kawaida inakula maji mengi mno, wastani wa dunia ni kama lita 10,000 kwa kilo moja. Ila wakikuambia chupi ya hempu inaua bakteria yenyewe na haihitaji kufuliwa mara kwa mara, usiongeze hata senti kwa ajili ya hilo.

Kwenye lebo tafuta cheti cha GOTS, ndicho kinachofuatilia tangu shambani mpaka rangi, wakiandika "organic" maana yake angalau asilimia 95 ya nyuzi ni za kilimo hai. OEKO-TEX Standard 100 yenyewe inapima tu kama nguo ina kemikali za kudhuru, haisemi chochote kuhusu zao lilivyolimwa. Zote zina faida, ila watu wanazichanganya.

Babu_Asilia
Samahani Mama Cherehani, hiyo laikra asilimia 5 ni plastiki. Mwenzetu ameomba vitu vya asili, kwa nini tumrudishe kulekule? Zipo za mpira wa asili na zipo za kufunga kwa kamba kiunoni.

Mama_Cherehani
Babu shikamoo, nakuelewa na kwa za kulalia hata mimi nashona za kamba bila laikra. Ila kwa mtu wa kazini isiyo na laikra ikishavaliwa nusu siku inalegea matakoni, inakusanyika chini ya suruali, na ule mkunjo ndio unachuna. Mimi naona bora asilimia 5 ivaliwe miaka kuliko safi kabisa itakayotupwa baada ya muda mfupi. Mpira wa asili mzuri, lakini mwenye mzio wa mpira asiuguse.

Na kinachokufa kwanza kwenye boksa karibu zote ni lastiki ya kiuno, kitambaa bado kizima. Kwa hiyo kaka nunua ile ambayo lastiki imepita ndani ya upindo, ikichoka fundi anafumua kidogo anaingiza mpya. Ile iliyoshonewa kwa nje ni kazi kuibadilisha. Fua kwa maji ya baridi au vuguvugu, usiweke dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inaacha utando na kitambaa kinaacha kunywa jasho, na usianike kwenye jua kali la mchana wala usiweke kwenye mashine ya kukaushia, joto linaua lastiki.

Dereva_wa_Mbali
Babu, Mama Cherehani, na wengine wote asanteni sana. Swali la mwisho, nikifika nyumbani ntajuaje kitambaa ni cha asili kweli, lebo si inaweza kudanganya?

Mama_Cherehani
Chomoa uzi mmoja kwenye kitambaa chenyewe, sio uzi wa mshono, maana uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta hata kwenye nguo ya pamba. Ushike kwa kibano uuchome juu ya sahani. Pamba na hempu zinawaka kwa harufu ya karatasi iliyoungua, zinaacha majivu laini yanayosagika kidoleni. Poliesta inajikunja inayeyuka, ikipoa ni kitone kigumu. Ila viskosi nayo inawaka kama karatasi kwa sababu inatokana na mmea, kwa hiyo kwa hizo za mianzi moto hautakusaidia. Na nunua moja kwanza, uifue, maana hempu na pamba huwa zinasinyaa kidogo ufuaji wa kwanza, ndipo ujue saizi ya kuagiza zilizobaki.