Kasi ya timu imeshuka sprinti mbili mfululizo, nianzie wapi?

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia timu ya watu sita hapa Dar, tunatengeneza programu ya simu. Sprinti zetu, yaani vipindi vya kazi, ni za wiki mbili. Tulikuwa tunamaliza pointi 40 (makadirio ya ukubwa wa kazi) kwa sprinti, zikashuka 31, sasa 22. Bosi anataka tuingie kazini hadi Jumapili. Vijana wamechoka, wanaonekana hata machoni. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana mkuu. Jumapili usikubali. Hesabu kwanza kadi (kila kadi ni kazi moja) zilizo kwenye safu ya "Inaendelea" ya ubao wenu wa kazi. Kwangu zilikuwa 14 kwa watu watano! Tukaweka kikomo: kila mtu kadi moja, ukikwama unaomba msaada, huchukui nyingine.

Jibu: Na kikao cha asubuhi? Mwongozo wa Skramu, mfumo huu wa kufanya kazi kwa sprinti, unasema dakika 15, tena ni cha watengenezaji wenyewe kupanga siku yao, si cha kumripotia bosi.

Muuliza swali: Nimehesabu sasa hivi. Kadi 11, na saba zinamsubiri mjaribu (anayekagua kama kilichotengenezwa kinafanya kazi) mmoja tu, dada yetu aliyerudi kutoka likizo ya uzazi. Anatoka mapema kunyonyesha, ni haki yake, kosa ni langu kutompa msaidizi. Kesho watengenezaji wawili wanakaa naye kujaribu. Kadi mpya hakuna mpaka hizo saba ziishe.