Uvimbe wa nyuma ya goti ulishatolewa. Mbona daktari anataka kupasua tena?

Dada wa Kayole:
Habari zenu. Mdogo wangu ana miaka 24. Mwaka jana aliota uvimbe nyuma ya goti la kushoto, mgumu, usiouma. Tukauita kinyama tu, tukauacha kwa miezi saba hadi ukafikia ukubwa wa limau. Zahanati moja ya mtaani ilimtia ganzi, ikautoa bila kuagiza picha yoyote, ikamshona nyuzi tisa. Bahati nzuri waliutia kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, nasi tukaupeleka maabara wenyewe. Majibu yanasema ni sakoma ya sinovia, aina ya saratani, na kwamba kingo za nyama iliyokatwa zina seli za saratani. Sasa daktari wa saratani anataka MRI ya goti (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku), CT ya kifua (picha ya eksirei ya kina), tiba ya mionzi, na upasuaji mkubwa kuliko ule wa kwanza. Baba anakataa katakata. Anasema saratani ikiguswa na kisu huamka. Je, kuna haja ya kupasua mahali ambapo uvimbe haupo tena? Na kifua kinahusikaje na ugonjwa wa mguu?

Muuguzi wa Saratani:
Pole sana, dada. Sakoma za tishu laini, yaani saratani za sehemu kama misuli na mafuta, ni adimu, takriban asilimia 1 tu ya saratani za watu wazima, kwa hiyo daktari wa mtaani anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nayo. Hii ya mdogo wako huwapata zaidi vijana, aghalabu karibu na viungo, ingawa haianzii kwenye utando wa ndani wa kiungo, yaani sinovia iliyoipa jina. Inapokua huzibana tishu za pembeni zikawa kama ganda, na anayeichomoa huiona imetoka nzima kama kokwa ya parachichi, kumbe seli zimebaki kwenye hilo ganda. Ndiyo sababu kovu lenyewe hukatwa pamoja na nyama nzima inayolizunguka. Kifua kinapigwa picha kwa kuwa sakoma husafiri kwa damu, na mara nyingi hutua mapafuni.

Kuhusu Baba, msimdharau, kwani hofu yake ina chanzo. Kisu kisichopangwa kinaweza kweli kusambaza seli ndani ya jeraha. Ilitakiwa MRI itangulie, kisha biopsi ya sindano, yaani kuchukua kipande kidogo cha uvimbe cha kupima, tena sindano ipite pale pale mpasuaji atakapokuja kukata, ili njia yake nayo iondolewe. Kama hofu yake ni mguu kukatwa, mwelezeni kwamba utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1982 uliwalinganisha waliokatwa kiungo na waliotolewa uvimbe kisha wakapewa mionzi, na uhai wao haukuonyesha tofauti. Jambo moja msilisahau: iombeni maabara ile bloku ya nta yenye kipande cha uvimbe, kwa maana mwanapatholojia mwingine ataihitaji kuthibitisha aina, ikiwezekana kwa kipimo cha jeni kinachotafuta muungano wa kromosomu X na 18, yaani vibeba jeni viwili vilivyounganika ndani ya seli.

Fundi Cherehani:
Dada, mimi nilikuwa nayo pajani. Nilipigwa mionzi mara 25 kwa wiki tano, kisha nikapasuliwa. Sitakuficha: ngozi iliyopigwa mionzi huchelewa kupona, na kidonda changu kilisafishwa kila siku kwa miezi miwili. Leo nakanyaga cherehani kwa mguu huohuo, ila asubuhi huwa mgumu kama ubao hadi niunyooshe. Mashine za mionzi za umma ziko Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na pia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kahawa. Hakikisheni usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali, umekamilika mapema. Kadi ya zamani ya NHIF haitamsaidia, kwani SHA ilichukua nafasi yake Oktoba 2024.

Dada wa Kayole:
Asanteni sana. Nimemsomea Baba majibu yote, na hapo kwenye kokwa ya parachichi akaniomba nirudie. Ameuliza jambo moja tu, kama kijana ataweza kupiga magoti kusali.

Fundi Cherehani:
Wangu ulikuwa pajani, kwa hiyo la goti amuulize mpasuaji kabla ya kutia sahihi, naye Baba awepo. Mimi napiga magoti, polepole, nikishika kiti.