Naomba ushauri: faili la Access kwenye seva linagoma watu wakiwa wengi

Wakuu habari zenu, naombeni msaada nimekwama. Tuna database ya Access (programu ya Microsoft ya kutunza data), faili lake la .accdb liko kwenye folda ya kushea ya seva ya Windows na tunaitumia watu sita. Wa kwanza akifungua poa kabisa, wanaofuata wanaishia kuangalia data tu, kusevu hakuna. Nikichungulia folda nakuta kale kafaili ka .laccdb (ka kufuli, Access hukatengeneza yenyewe database ikiwa imefunguliwa), na siku nyingine wote wameshatoka lakini kenyewe kapo palepale, kukafuta kunagoma mpaka nikate sesheni zilizobaki wazi kule seva.

Nimehakikisha Access inafungua kwa kushea, nimefanya kompakti na ripea (kulibana na kulikarabati faili), nimerestati seva (saa za kazi, nilisemwa sana), wapi! Ninachohisi ni permisheni, maana niliwapa kusoma na kuandika ila kufuta nikawanyima wasije wakalifuta faili lenyewe.

Sasa je, kuwanyima kufuta kwenye folda ndiyo kunafanya hako kafaili kang'ang'anie? Na nikiigawa database, majedwali yabaki seva halafu fomu kila mtu kwenye mashine yake, itasaidia au nitakuwa nahamisha tatizo tu?