Nasoma kitabu cha kumwaga siri za Jackie Kennedy, nimefika katikati sijui nimwamini nani

pembeni_ya_taa
Wadau salama? Nimeazimwa kitabu kinene cha maisha ya Jackie Kennedy, yule mjane wa rais Kennedy wa Marekani. Sio ile biografia ya heshima, hii mwandishi kamwaga mtama penye kuku wengi, na jina lake silitaji maana sitaki kumpigia debe.

Nilianza Ijumaa nikasema naonja kurasa mbili tatu nilale, saa nane usiku bado nipo macho. Mwanzoni poa kabisa: baba yake Black Jack Bouvier, mlevi na mpenda wanawake, wazazi wakaachana 1940, mama akaolewa na tajiri mwingine, halafu siku ya harusi ya Jackie Septemba 1953 kule Newport baba mzazi hayupo kanisani, aliyemshika mkono ni baba wa kambo. Hadi hapo sina neno. Tulipoingia Ikulu sasa, mbona balaa, kila ukurasa wa pili ni chumbani, nani kapita mlango gani, nani kanuna, na ukiuliza kasema nani unaambiwa "rafiki wa karibu", basi, imeisha hiyo.

Ikafika kwa Patrick, yule mtoto aliyezaliwa Agosti 1963 akaishi saa 39 tu. Mwandishi anasimulia mama alivyolia utadhani alikuwa amejificha chini ya kitanda. Nikafunga kitabu, nilijiona nachungulia dirisha la mfiwa. Kesho yake nikakifungua tena, sitawadanganya.

Sasa nyie vitabu vya hivi mnavisomaje? Kipi kweli kipi umbea? Na huyu mama kwani hakushtaki?

Bi Kurasa
Mwanangu hicho kitabu kianzie nyuma. Nenda kule kwenye maelezo ya vyanzo uone nani kahojiwa, lini, na alikuwa wapi siku hiyo. Kama hakuna hayo maelezo, au yapo ya kubabaisha, ujue unasoma stori za saluni zilizotiwa jalada gumu.

Jackie watu wake wa ndani ndo walianza kusema mapema kabisa, yaya wa watoto aliandika kitabu katikati ya miaka ya 60, sekretari wake naye akatoa chake 1969, kikulacho ki nguoni mwako. Ila mimi hao nawaheshimu kuliko "rafiki wa karibu", angalau wametia majina yao na kweli walikuwemo nyumbani humo. Hata hivyo usiwameze wazima wazima, mtu aliyeondoka kazini na kinyongo anakumbuka vingine na aliyeondoka kwa kukumbatiwa anakumbuka vingine.

Halafu kuna sauti yake mwenyewe. 1964 alikaa na mwanahistoria Arthur Schlesinger wakarekodi masaa na masaa, kanda zikafungiwa, binti yake Caroline akazitoa 2011. Ukizisikiliza utajua huyu mama hakuwa malaika wa kimya kama kwenye picha, anawachambua watu wa serikali mmoja mmoja, hata Martin Luther King hakupona. Kwa hiyo ukikuta humo kwenye kitabu chako anaambiwa alikuwa na ulimi mkali, hilo amini. Ukikuta maneno mazima ya ugomvi wa watu wawili chumbani na wote wawili ni marehemu, ruka.

kobe_mwendo
Mi vitabu vyake huwa navisoma kwa ajili ya Onassis tu, yule tajiri wa meli wa Kigiriki aliyemuoa baadaye 😂 hayo mengine nageuza kurasa kama nahesabu hela

wakili wa kijiweni
Hapo kwenye kushtaki ngoja nisaidie. Alishawahi kushtaki mara moja kwa kishindo, na cha ajabu huyo aliyemshtaki walimwajiri wao wenyewe. 1964 yeye na shemeji yake Robert walimuomba mwandishi William Manchester aandike habari za mauaji ya rais Kennedy kule Dallas, Novemba 1963, Jackie akakaa naye kama masaa kumi hivi anamwaga moyo wote, kumbe maumivu bado mabichi. Kuja kuona yameandikwa akashtuka, Desemba 1966 akaenda mahakamani kuzuia, na hakuwa anasema ni uongo, alikuwa anasema makubaliano ni kwamba familia ipitishe kwanza. Januari 1967 wakaelewana, vipande vikakatwa, kitabu kikatoka na kesi yenyewe ndo ikakitangaza. Kanda za yale mahojiano zimefungwa hadi 2067.

Kushtaki kwa kuchafuliwa jina ni kitu kingine. Tangu 1964 mahakama kuu ya kule ilisema kiongozi wa umma akitaka kushinda lazima athibitishe mwandishi alijua ni uongo au hakujali kama ni uongo, 1967 ikawajumlisha na watu maarufu wengine. Sasa utathibitishaje kilichokuwa kichwani mwa mtu? Na marehemu hachafuliwi jina kisheria, ukishazikwa wanaandika watakavyo. Ndo maana kitabu chako kina ujasiri wote huo, sio kwamba mwandishi ana ushahidi sana.

Tausi_2
Naona mnamlilia sana. Jamani mwandishi wa kwanza wa stori ya Jackie ni Jackie. Wiki moja tu baada ya mumewe kuuawa alimuita mwandishi Theodore White kule Hyannis Port, nyumbani kwa akina Kennedy, akamwambia habari za Camelot, ule ufalme wa hadithi, kwamba utawala wa mumewe ulikuwa hivyo. White akaandika usiku uleule na huyu mama akapitia na kalamu, wahariri wa gazeti wakaona Camelot imezidi wakataka ipunguzwe, akakataa! Mpaka leo watu wanauita utawala ule Camelot na hawajui neno limetoka kwa mjane mwenye umri wa miaka 34 ambaye hajalala vizuri wiki nzima.

Simlaumu, mi naona ni akili kubwa. Ila ukijenga ukuta mzuri hivyo lazima atatokea mtu wa kuukwangua rangi. Hivi vitabu vya siri ni majibu ya Camelot, vingine majibu ya kijinga, sawa, ila bila hivyo tungekuwa bado tunasoma ngano.

Bi Kurasa
Tausi hapo umenena, ila kumkwangua mtu na kumvua nguo ni vitu viwili.

mama wa vitabu
Kinachoniudhi mimi kwenye hivi vitabu ni mizani. Mwanamke akifiwa na mume maarufu anageuzwa mali ya watu wote, akiolewa tena kawasaliti. Robert kauawa Juni 1968, Oktoba Jackie kaolewa na Onassis kule kisiwani Skorpios, magazeti yakamrarua kweli, na waandishi wa siri wanapiga hesabu za pesa tu. Sikatai pesa ilikuwepo. Lakini mtu kashuhudia mume anauawa pembeni yake, shemeji naye akaja kuuawa, ana watoto wawili wadogo, hamwoni kitu kingine zaidi ya pesa?

Halafu Onassis kafa 1975 na huyu mama akaenda kutafuta kazi! Karibu miaka 20 alikuwa mhariri wa vitabu, kwanza Viking kisha Doubleday, kitabu cha Michael Jackson cha 1988 kilipita kwake, na riwaya tatu za Cairo za yule Mmisri Naguib Mahfouz pia zilitoka Kiingereza pale Doubleday kwa mkono wake. Alipigania stesheni ya treni ya Grand Central kule New York isiharibiwe. Amekufa Mei 1994 bado ni mhariri. Hebu @pembeni_ya_taa hesabu kitabu chako kimempa kurasa ngapi hapo.

kobe_mwendo
sisi wasomaji ndo wabaya mama, 1996 walinadi vitu vyake lulu za BANDIA zikaenda dola 211,500, sasa mwandishi afanyeje na soko lipo

pembeni_ya_taa
Nimerudi. Nimehesabu. Onassis kurasa 96, uhariri kurasa 7, na kati ya hizo mbili ni picha. Mahfouz hayupo kabisa. Vyanzo kule nyuma vipo ila chapta ya Ikulu nusu ni "mahojiano ya siri", kwa hiyo Bi Kurasa nimekuelewa, nasoma na penseli sasa, kila "rafiki wa karibu" nachora mstari, ukurasa wa jana umekuwa kama shuka la milia.

Namalizia, siwezi kukiacha. Ile chapta ya Patrick tu ndo sirudii.

kobe_mwendo
ukimaliza nipe mimi, usifute mistari