Nimerudi kwenye lego na miaka 26, hili beseni la zamani nianzie wapi?

mtoto_wa_chumbageni

Wakuu habari za jioni. Sijui kama humu kuna mtu anacheza lego ukubwani, vile vitofali vya plastiki vya kupachikana, ila ngoja nijaribu.

Nina miaka 26, napiga kazi Dar, naishi geto peke yangu. Juzi kati nilikua Tanga nyumbani nikamkuta bimkubwa kalishusha beseni langu la lego toka juu ya kabati anataka kulipeleka chekechea, nikamwambia mama hilo naondoka nalo, akacheka mpaka akakaa chini. Asili yake ni mjomba alikua Ujerumani, kila akileta gari bandarini ndani anajaza vitu walivyovikinai wanawe, sasa sisi huku tunapata lego hazina boksi hazina kitabu, nyingine seti nusu. Nimezicheza mpaka naingia sekondari ya bweni, basi, ikaishia hapo.

Sasa nimezimwaga sakafuni na kwa kweli usiku naenjoi kuliko kuangalia mpira, ila nimekwama mahali pengi. Kwanza vitabu sina hata kimoja na mle ndani kuna gia na fito kibao ambazo nikiwa mdogo nilikua natengenezea bunduki tu. Pili kijivu zangu hazifanani, nikijenga ukuta unatoka madoamadoa, sijui zimepauka au vipi. Za kahawia nazo ukizibana kidogo tu zinapasuka. Tatu nataka kuziongeza, seti mpya orijino nimeuliza bei nikatoka dukani kimya, Kariakoo zipo za Kichina bei chee zinaingiliana vizuri tu kwa macho, je nichanganye? Na mnapangaje hivi vitu, kwa rangi au? Demu wangu anaona nimechizika.

Kiwanja_Kwanza

Mkuu miaka 26 unapanga vitofali sakafuni wakati wenzio wanapanga vya inchi sita Chanika. Hiyo hela ya seti ni tripu ya mchanga hiyo. Anyway nipo hapa nasoma komenti, kijana wangu ana miaka 7 anazitaka hizo.

ToiCamera

Niaje bro, usimskize huyo wa kiwanja, ataanza hivyo hivyo na mtoto wake halafu utamkuta usiku anajenga peke yake mtoto akiwa amelala 😂

Mimi niko Nairobi, lego zangu karibu zote nimetoa Toi na Gikomba, masoko ya mitumba. Kuna wasee wanafungua bale za toys, sasa kama unataka kitu ya maana lazima ukuwe hapo asubuhi wakati wa camera, yaani ile kuchagua ya kwanza bale ikifunguliwa, ukifika saa nane mchana unapata vichwa vya madoli na magari hazina tairi. Huko hakuna seti, unanunua mfuko mzima vile uko. Kabla ulipe angalia zile nundu za juu, kila nundu ya orijino imeandikwa LEGO kwa maandishi midogo sana, ikiwa laini tupu hiyo ni ya kampuni ingine. Wenye kuuza wengi hawajali hiyo tofauti kwa hivyo bei ni ile ile, na hapo ndio wewe unashinda. Nadhani hata Dar pale Karume lazima kuna mtu anauza toys za mtumba, zungukazunguka tu.

Story ya vitabu isikunyime usingizi. Kampuni yenyewe imeweka maelekezo kwa website yao bure kabisa, PDF, kuanzia seti za 1996 hivi kuja juu. Shida yako ni hujui namba ya seti kwa sababu boksi haiko. Fanya hivi: usianze na matofali ya kawaida, hizo ziko kwa kila seti duniani. Tafuta ile pisi ya ajabu, ile huwezi pata mbili kwa beseni, kioo cha ndege, mlango uko na mchoro, ngao, kitu kama hiyo. Igeuze chini utaona kanamba kadogo, ni namba ya kalibu. Hiyo namba itafute kwa Rebrickable ama BrickLink, hizo ni website za pisi za lego, itakuletea list ya seti zote zenye zilitumia hiyo pisi, ongeza rangi kwa search na list inakuwa fupi, unaangalia picha unasema ah hii niko nayo! Halafu ukishajua seti zako unaziingiza kwa Rebrickable na yenyewe inakuonyesha vitu zingine watu wamebuni zenye unaweza jenga na pisi ulizo nazo, bila kununua kitu. Mimi nilikaa hapo wikendi mzima, chai ikapoa.

Na tafadhali wacha mambo ya kupanga kwa rangi. Inakaa poa kwa picha lakini ukitafuta kapini kadogo keusi ndani ya kopo la vitu vyeusi tupu macho inakataa kabisa. Panga kwa umbo, rangi zichanganyikane, jicho linashika rangi haraka sana. Matofali pande yake, zile bapa nyembamba pande yake, magurudumu, vitu za mlango na dirisha, gia na fito, watu. Ukianza na hizo makundi chache inatosha, usijifanye duka.

dada_wa_odense

Salaam mdogo wangu. Mimi mtu wa Mwanza ila nipo Denmark miaka mingi sasa, huku ndo kwao lego, huwezi kuzikwepa hata ukitaka.

Kijivu chako hakijapauka. Kwenye 2004 hivi kampuni ilibadilisha rangi zake za kijivu, zile za zamani zina unjano kwa mbali, zilizokuja baada ya hapo zinaelekea ubluu, na kahawia nayo ikabadilishwa wakati huo huo. Watu wazima wanaokusanya walichukia mno maana mtu ana ngome nzima ya kijivu cha zamani anaenda dukani kuongezea ukuta anakuta rangi haiendani, na mpaka leo ukiwagusa wanaanza upya lile lalamiko kama vile limetokea jana. Kwa maelezo yako mjomba alikuletea za kabla na za baada. Zitenge juani mchana, kwa taa ya ndani utazichanganya, halafu kijivu cha zamani kijengee kitu chake peke yake, mwamba au boma la kale, madoa hutayaona. Za kahawia zinazopasuka ni zile za baada ya mabadiliko, ile kahawia yenye wekundu ya miaka hiyo inajulikana kwa kuvunjika, na nyekundu iliyokolea nayo ina tabia hiyo. Huna cha kuirekebisha. Ziweke sehemu ambayo hutazing'oang'oa na usizing'oe kwa meno jamani, kuna kile kidude cha rangi ya machungwa cha kutenganishia, kinakuja bure ndani ya seti nyingi.

Kuhusu umri, mbona unajitetea kana kwamba umefumaniwa? Wanaorudi ukubwani ni wengi kiasi kwamba tangu 2020 kampuni ina maboksi meusi yaliyoandikwa 18+, mengine ni maua ya kuweka mezani. Nilienda Billund, mji wa kampuni yenyewe, na wanangu kwenye ile nyumba yao, LEGO House, imefunguliwa 2017, katikati pana mti umejengwa kwa vitofali zaidi ya milioni 6, una mita kama 15 kwenda juu, watoto wakapita nao bila kushangaa wanawahi kucheza. Juu kabisa kuna ukumbi wa kazi za mashabiki wenyewe, wote watu wazima, mle ndani baba zima lina mvi limeinama linachungulia mdomo wazi. Demu wako mpe afungue mfuko mmoja yeye mwenyewe, usimweleze kitu.

fundi_waya

Mimi nitatofautiana kidogo na watu wa orijino tupu. Nimekulia Makambako, lego sikuwahi kuishika utotoni, sisi ilikua magari ya waya na tairi za malapa, usukani wa fito ndefu unakimbia nalo. Nimeanza hivi vitu nikiwa na mshahara tayari, na nimeanza na za Kichina kwa sababu ndizo mfuko wangu uliziweza, na sijutii.

Ukweli ni kwamba tofali lile la kawaida hataza yake (patent) iliisha zamani, kampuni nyingine kutengeneza tofali linaloingiliana sio wizi, Mahakama ya Juu ya Canada ilishaamua hilo 2005 lego walipomshitaki mshindani wao wakashindwa. Kinachokatazwa ni kuiba jina au kunakili seti nzima na boksi lake, na zipo hizo pia mtaani, hizo mimi sinunui. Kwa hiyo usichanganye ya bei rahisi na ya wizi.

Ubora sasa. Za Kichina nyingine siku hizi zinabana vizuri kabisa, nyingine zinalegea, nyingine zinabana mpaka kucha inauma, na ndani ya mfuko mmoja unaweza kukutana na zote tatu. Ninachofanya mimi, zinakaa ndani ya ukuta, chini ya ardhi, mahali pa kujaza. Nje na kwenye bawaba naweka orijino. Na kwenye gia sichanganyi kabisa, fito ikiwa nyembamba kidogo tu gia inacheza na mashine yote inakwama.

Halafu hapo kwenye gia ndo una utajiri hujui. Kwa maelezo yako hizo ni za Technic, aina ya lego za kujengea mashine. Hesabu meno. Ukiipata ya 8 na ya 24, ya 8 ikizungusha ya 24 unapata 3 kwa 1, mwendo unapungua mara tatu nguvu inaongezeka mara tatu. Weka jozi mbili kama hizo mfululizo unapata 9 kwa 1, funga uzi kwenye fito ya mwisho, zungusha kwa kidole, utanyanyua pasi ya umeme toka sakafuni. Kitabu cha nini hapo? Jambo moja tu la kukumbuka ni kipimo, nundu hadi nundu ni milimita 8 ila tofali kwenda juu ni 9.6, na bapa tatu zinafanya tofali moja. Ndo maana ukisimamisha fito zenye matundu wima kando ya ukuta matundu hayaoani mpaka upachike bapa mbili katikati ya matofali.

mtoto_wa_chumbageni

Aisee sikutegemea. Nimeigeuza pisi moja ya ngazi ya gari la zimamoto namba ipo kweli, nimehangaika miaka yote ile!! Usiku huu silali.

Swali la mwisho, chafu zipo nyingi na nyeupe zimekua njano kama meno ya mvuta fegi. Naziosha na nini? Dobi wa hapa ana mashine.

dada_wa_odense

Usithubutu mashine. Maji ya uvuguvugu, yasizidi nyuzi 40, moto ukizidi zinapinda, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Weka kwenye chandarua cha zamani au mfuko wa neti ya vitunguu, tikisatikisa ndani ya ndoo, suuza, tandaza kwenye taulo kivulini. Ukiona mota au kitu cha betri kitoe pembeni kwanza, na zenye stika usizilowanishe.

Unjano ni jua limefanya, ndo maana nakwambia kivulini. Watu wanazirudisha kwa haidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda famasi, unazizamisha kwenye bakuli la glasi unaliweka nje juani masaa kadhaa, hapo jua linaisaidia dawa, huku unazigeuza maana zinaelea. Vaa glavu. Jaribu kwanza na mbili tatu zisizo na mchoro, na ujue unjano unaweza kurudi baadae.

ToiCamera

Na hiyo ngazi ya zimamoto ukipata seti ni gani weka namba hapa, niko na tairi nne na kofia mbili za firemen zimekaa tu, kuna mtu anakuja Dar na basi mwezi ujao. Mimi nataka hizo gia za meno 40 kama uko nazo extra.