Picha inaondoka nzima, inafika imeharibika: tupeane uzoefu wa kupandisha picha kwa intaneti ya nyumbani

Makuti, Paje (mwanzisha uzi)

Wadau, asalaam aleykum na habari za jioni. Nashughulikia tovuti ya nyumba ya wageni huku Paje, na picha zote nazipandisha mwenyewe kwa faiba ya nyumbani, kwa FTP, njia ile ya kizamani ya kurusha mafaili tuliyopewa na wenye seva. Kuna kitu kinanikera. Kwenye laptopu picha ni safi kabisa: bahari, ngalawa, banda. Ikishafika kwenye seva, nusu ya juu ni ile ile, halafu kuanzia kwenye ncha ya paa rangi inageuka waridi na banda zima linasogea kushoto, kama limekatwa kwa mkasi likabandikwa vibaya. Si kila picha. Nikiipandisha tena hiyo hiyo, pengine inafika salama, pengine inaharibikia mahali pengine. Na saizi ya faili haipungui hata baiti moja, kwa hiyo kila ninayemlalamikia ananiambia faili limefika lote, tatizo ni macho yangu.

Mwenye kisa chake akilete. Ombi langu ni moja: usiseme tu "picha ziliharibika". Sema ilikatika, ilibadilika rangi, au haikufunguka kabisa, maana naona watu wanachanganya mambo humu.

Lenzi ya Mbagala

Mkuu, mimi napiga picha za harusi. Zangu zilikuwa zinakatika: sura ya bibi harusi ipo, kuanzia kifuani kushuka chini ni kijivu kitupu. Hiyo ya kijivu usiihangaikie sana, faili halijafika lote. Angalia saizi, utakuta huku ni MB 9 na kule ni 5. Faili la JPEG linaanza na baiti FF D8 na kuishia na FF D9, kwa hiyo likikosa ule mwisho, limekatwa.

Kwangu chanzo kilikuwa umeme. Siyo kukatika, la hasha, ule wa kufifia kidogo. Friji ya jirani ikiwaka, taa inapepesa, rauta inazima na kuwaka. Mtu ukiwa unaangalia video hata hujui, inaendelea na ilichokwisha kupakua. Lakini picha iliyokuwa katikati ya safari ndiyo imeishia hapo, na seva ikabaki na kipande chenye jina kamili. Nilinunua ile UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 ya kuwekea rauta peke yake, nikaiweka programu ipandishe kwa jina la muda kwanza na kulibadilisha faili likishafika lote. Wateja wakaacha kunipigia simu usiku.

Mama Wawili, Muscat

Mie nawatumia wazee Pemba picha za wajukuu, zinafika zina ukungu, meno ya mtoto hata huyaoni. Nililaumu mtandao wa hapa mpaka basi.

Lenzi ya Mbagala

Dada, hiyo siyo kuharibika, ni WhatsApp inaipunguza picha kabla haijatoka kwenye simu yako. Itume kama dokumenti, itafika kama ilivyo. Ila kama simu yako ni iPhone, tangu iOS 11 ya mwaka 2017 inahifadhi picha kwa HEIC, umbizo tofauti na JPEG, na simu za wazee huenda zisiifungue. Kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya umbizo, kuna chaguo la pili linalorudisha JPEG.

Mama Wawili, Muscat

Ahsante mwanangu. Imefika. Babu anasema mtoto kachukua pua yake.

Fundi Waya, Mombasa

Haya, turudi kwa mwenye uzi, maana kisa chake ndicho kitamu. Shekhe, hiyo ya rangi kugeuka na picha kusogea ni baiti chache tu zilizobadilika, pengine biti moja, ile sifuri au moja iliyo ndani ya baiti. JPEG inaigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na wastani wa mwanga wa kila kipande hauandikwi wote, inaandikwa tofauti yake na kipande kilichotangulia. Tena yote imebanwa kwa alama za urefu usiolingana. Biti moja ikipinduka, msomaji anapoteza hesabu, na vyote vinavyofuata vinasomwa kombo. Ndiyo maana juu ni sawa na chini ni vurugu.

Sasa swali ni nani kaipindua. Watu wengi wanajua kwamba TCP, utaratibu unaosafirisha data kwenye intaneti, inakagua data, kwa hiyo haiwezekani. Inawezekana. Waya na WiFi zina ukaguzi wao mzuri wa biti 32, lakini ukaguzi ule unafanyika kipande cha njia kwa kipande. Rauta ikipokea pakiti (kifurushi kidogo cha data), inaikagua, inaitupa ile alama ya ukaguzi, inaiweka pakiti kwenye memori, halafu inatengeneza alama mpya wakati wa kuitoa. Pakiti ikiharibika ikiwa ndani ya memori, alama mpya inatengenezwa juu ya uharibifu. Inabaki alama ya TCP, ambayo ni ya biti 16 tu. Na rauta ya nyumbani inabadilisha anwani za kila pakiti, kwa hiyo na hiyo alama inaigusa. Rauta iliyoandikwa vizuri inairekebisha kwa tofauti ya anwani tu, na kosa linaendelea kuonekana. Ile inayoihesabu upya kutoka mwanzo inalifunika kosa, na seva inapokea uchafu wenye karatasi halali.

Mambo haya si mapya. Mwaka 2000 Jonathan Stone na Craig Partridge walichapisha uchunguzi wa pakiti za mtandao halisi wakakuta kati ya pakiti 1 katika 1,100 na 1 katika 32,000 zinashindwa ukaguzi wa TCP, ilhali ukaguzi wa kwenye waya ulizipitisha. Kompyuta na rauta zenyewe ndizo zilikuwa miongoni mwa washukiwa wakubwa.

Kipimo changu ni hiki. Ipandishe picha ile ile kwa HTTPS au SFTP, njia zinazofunga data kwa siri. Huko kila kifurushi kina muhuri wa siri, baiti moja ikiguswa muunganisho unakatwa palepale. Kwa hiyo kama kwa FTP inafika imeharibika na kwa HTTPS inakatika katika na kuanza upya, mwizi yuko njiani. Kama hata kwa HTTPS inafika imeharibika bila kulalamika, achana na mtandao, tafuta kwenye laptopu, kwenye memori kadi, au huko seva.

Bando Limeisha

Mnajisumbua na hesabu, badilisha kampuni ya intaneti maisha yaendelee.

Fundi Waya, Mombasa

Ukibadilisha kampuni na rauta ukabaki nayo, utawalaumu wawili.

Kitengela

Niaje wadau. Yangu haikuwa ya rangi. Picha ndogo zilikuwa zinapanda sawa, kubwa zinafika asilimia chache zinaganda, na kwa seva unapata faili la baiti sifuri. Laini yetu ni ya PPPoE, njia ya kuingia kwa kampuni ya intaneti, na hiyo hula baiti 8, hivyo pakiti kubwa inayopita ni 1492 na siyo 1500. Rauta ilikuwa inairudishia kompyuta taarifa kwamba pakiti ni kubwa mno, lakini programu ya usalama kwa kompyuta ilikuwa imeziba hiyo taarifa. Kwa Windows jaribu `ping -f -l 1472` na anwani ya seva. Ikikataa na 1464 ipite, ndio hiyo (baiti 28 zinazobaki ni vichwa vya pakiti). Weka MTU (ukubwa wa pakiti nzima) 1492 na MSS (data iliyo ndani yake) 1452 kwa rauta. Kwangu iliisha hapo.

Mwalimu wa Kompyuta, Kigoma

Niongeze moja kwa wanaotumia FTP. Wanafunzi wangu walikuwa wanaleta picha ambazo hazifunguki kabisa au zimejaa mistari, na faili limepungua baiti makumi kadhaa tu. Programu ilikuwa kwenye hali ya maandishi, ile ya ASCII. Ikitoka Windows kwenda seva ya Linux, kila inapokuta 0D ikifuatwa na 0A inaifuta 0D, ikidhani ni mwisho wa mstari. Kwenye picha ya MB 3 jozi hizo hazikosekani. Waliotengeneza PNG waliliona mapema, wakaziweka 0D 0A makusudi kwenye baiti nane za mwanzo, ili faili likipitishwa vibaya lijulikane hapo hapo. Weka hali ya bainari, kazi imekwisha. Ila kisa cha mwenye uzi siyo hiki, maana saizi yake haipungui.

Dereva wa Watalii, Karatu

Na memori kadi jamani. Mgeni wangu alinunua kadi ya GB 256 njiani, bei ya kutupa. Kwenye kioo cha kamera simba wote wanaonekana, wamejipanga. Tukizipandisha usiku lojini, zinatoka nusu nusu, akaanza kuwaka na WiFi ya watu. Kioo cha kamera kinaonyesha ile picha ndogo iliyofichwa mwanzoni mwa faili, na hiyo ilikuwa salama. Kadi yenyewe ilikuwa ya GB 8 iliyofundishwa kudanganya: ikijaa inaandika juu ya za zamani. Kuna programu inaitwa H2testw, kwenye Linux kuna F3, inaijaza kadi yote halafu inasoma ilichoandika. Mpimie mgeni kabla hamjaingia mbugani, siyo mkitoka.

Makuti, Paje

Nimerudi. Nimefanya kama alivyosema Fundi.

Kwanza hashi, ile alama inayohesabiwa kutoka kwenye faili zima, baiti moja ikibadilika nayo inabadilika. Kwenye laptopu, `certutil -hashfile banda.jpg SHA256`. Kwenye seva, `sha256sum banda.jpg`. Hazilingani. Nikapandisha kwa HTTPS: inafika katikati, inakatika, inaanza, inakatika. Nikaunganisha laptopu kwa hotspot ya simu, FTP ile ile, picha ile ile: hashi zikalingana herufi kwa herufi. Nikarudi kwenye rauta, safari hii kwa waya badala ya WiFi. Imeharibika.

Kisha nikaishusha nakala iliyoharibika kwa simu, nikazilinganisha kwa `fc /b`. Hapa ndipo palinichekesha. Inakuorodheshea kila baiti iliyotofautiana:

E1 ikawa E5
32 ikawa 36
98 ikawa 9C

Zote zimeongezeka 4.

Fundi Waya, Mombasa

Biti moja ile ile kila mara, sifuri inageuka moja. Hiyo ni memori ya rauta, imekufa mahali pamoja. Usihangaike na kuirudisha kwenye hali ya kiwandani. Waonyeshe hiyo orodha, wakuletee nyingine.

Makuti, Paje

Wa huduma kwa wateja kaniambia niizime nisubiri sekunde 30. Nikamwambia nimeshaizima, nikamtumia orodha. Wameniletea nyingine juzi, hashi zinalingana tangu hapo. Swali lililobaki: nina folda nzima ya picha zilizopanda kabla, nitajuaje zipi ni mbovu bila kufungua moja moja?

Mwalimu wa Kompyuta, Kigoma

Kwenye seva ingia kwenye folda, andika `sha256sum *.jpg > orodha.txt`. Ishushe hiyo orodha tu, iweke kwenye folda yenye picha asili, halafu `sha256sum -c orodha.txt`. Itakuandikia ipi imepita na ipi imefeli. Kama una Windows tupu, weka Git, inakuja na dirisha lake la amri lenye sha256sum ndani. Zilizofeli ndizo za kupandisha upya, na safari hii tumia SFTP, hiyo FTP waachie wenyewe.